Mürren na Bonde la Lauterbrunnen: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa kwa msomaji wa Kiswahili anayepanga safari ya kwenda katika milima ya Alpi, na pia kwa yule asiyekusudia kusafiri lakini angependa kufahamu watu wanavyoishi miaka nenda miaka rudi juu ya genge lisilofikiwa na barabara ya gari.

Mürren ni kijiji cha aina gani, na kiko wapi?

Mürren ni kijiji cha Uswisi chenye wakazi wa kudumu wapatao 450, kilichoko katika jimbo la Bern, kusini mwa mji wa Interlaken, kwenye eneo liitwalo Berner Oberland. Kiutawala kimo ndani ya manispaa ya Lauterbrunnen pamoja na vijiji jirani vya Wengen, Gimmelwald, Stechelberg na Isenfluh. Lugha ya wenyeji ni Kijerumani cha Kiswisi katika lahaja ya Bern, ambayo hata Mjerumani wa Berlin huielewa kwa taabu.

Ili kuielewa Mürren, ni lazima kwanza kulielewa bonde lililo chini yake. Zamani sana bonde la Lauterbrunnen lilijaa barafuto, yaani mto mkubwa wa barafu unaosogea polepole kutoka vileleni. Barafu hiyo ililichimba bonde hadi likawa na sakafu bapa na kuta za mwamba zilizosimama wima mithili ya kuta za nyumba, lakini juu ya kuta hizo ikaacha vibaraza vya ardhi yenye mteremko wa wastani. Mürren imejengwa juu ya kibaraza kimojawapo, kwenye kimo cha mita 1,638 kutoka usawa wa bahari. Kituo cha treni cha Lauterbrunnen kiko bondeni kwenye kimo cha takriban mita 800, kwa hiyo mkazi wa Mürren akitazama chini huliona bonde karibu mita mia nane chini ya miguu yake, na akitazama ng'ambo huviona vilele vitatu vilivyopangana: Eiger wenye mita 3,967, Mönch unaozidi mita 4,100, na Jungfrau wenye mita 4,158. Karibu kila jambo linaloelezwa katika kurasa hizi, kuanzia bei ya mkate hadi historia ya michezo ya theluji, linatokana na kibaraza hicho.

Ikiwa hakuna barabara, watu na mizigo hufikaje?

Ziko njia mbili za umma. Ya kwanza ni ya mwaka 1891, ulipokamilika mfumo wa treni ya kamba iliyopanda mteremko mkali kutoka Lauterbrunnen hadi Grütschalp, ikifuatiwa na treni nyembamba ya kawaida inayokwenda kando ya genge hadi Mürren. Treni ya kamba iliondolewa, na tangu mwaka 2006 nafasi yake imechukuliwa na gari la kebo, yaani chumba kinachoning'inia hewani na kuvutwa na nyaya nene za chuma. Ile treni ya juu ingalipo, nayo hupita kituo cha Winteregg katika safari yake ya kilomita nne na ushei. Anayekwenda Mürren mara ya kwanza na apite njia hii, kwa sababu vilele vitatu hufuatana naye dirishani mwendo wote, kila kimoja kikijitokeza taratibu nyuma ya misonobari.

Njia ya pili huanzia Stechelberg, mwisho wa bonde, na ni ya kampuni inayoendesha magari ya kebo hadi kilele cha Schilthorn. Mnamo Desemba 2024 ilifunguliwa kebo mpya inayopanda moja kwa moja kutoka Stechelberg hadi Mürren, ikipandisha abiria mita 775 kwa muda wa dakika nne hivi. Mteremko wake hufikia asilimia 159, na kwa kigezo hicho hutajwa kuwa kebo yenye mpando mkali kuliko zote duniani. Mtu mwenye hofu ya vimo na asimame katikati ya chumba, ayaelekeze macho mbali milimani, na asitazame chini.

Mizigo hupita njia zilezile. Unga, gesi, vitanda, saruji, dawa na sanduku la mgeni hupandishwa kwa kebo, kisha husambazwa kijijini kwa vigari vidogo vya umeme na matrekta madogo, na taka nazo hushushwa kwa utaratibu huohuo. Mgeni anayelalamika kwamba chai ya Mürren ni ghali kuliko ya Interlaken na akumbuke kwamba majani ya chai, sukari na kikombe chenyewe vilipandishwa hewani. Aliyekuja na gari huliacha katika maegesho ya kulipia, Lauterbrunnen au Stechelberg.

Je, kimo hicho huleta shida ya kupumua?

Kijijini penyewe, hapana, kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Jiji la Nairobi liko kwenye kimo kinachokaribia mita 1,700, kwa hiyo mkazi wa Nairobi akifika Mürren hajapanda kitu. Tofauti iko katika baridi, kwa kuwa Uswisi iko mbali sana na ikweta, na kimo kilekile ambacho kwetu hustawisha kahawa, huko hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Juu zaidi hali hubadilika. Schilthorn ina mita 2,970, ikizidi kidogo kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, na kituo cha treni cha Jungfraujoch, kilichofunguliwa mwaka 1912, kiko kwenye mita 3,454. Msafiri hufikishwa huko kwa muda mfupi mno, mwili ukiwa bado haujazoea, hivyo ni busara kutembea polepole, kunywa maji mengi na kutokimbia ngazi. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu na amwone daktari kabla ya safari.

Nani walikuwa wakazi wa kwanza, na walitoka wapi?

Jina la Mürren linapatikana katika maandishi ya mwaka 1257. Katika karne ya 13 na ya 14 sehemu za juu za bonde hili, hasa Gimmelwald na Mürren, zilikaliwa na watu waliovuka milima kutoka Lötschental, bonde lililoko upande wa kusini katika jimbo la Valais. Walikuwa sehemu ya jamii ya Walser, wafugaji wasemao Kijerumani ambao katika enzi hizo walienea katika mabonde ya juu ya Alpi na kuyafungua maeneo ambayo wengine waliyaona hayafai kuishi. Walijenga nyumba za magogo ya misonobari juu ya misingi ya mawe, na jua la milimani limezigeuza mbao hizo kuwa nyeusi kama kaa. Nyumba za namna hiyo zingalipo, na baadhi zinakaliwa mpaka leo.

Uhusiano huo na Lötschental unastahili kutajwa zaidi, kwa sababu bonde hilo la asili limepatwa na msiba. Tarehe 28 Mei 2025, barafuto ya Birch, iliyokuwa imeelemewa na mawe yaliyoporomoka kutoka mlima ulio juu yake, ilianguka na kukifunika kijiji cha Blatten karibu chote kwa barafu, mawe na matope. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku kadhaa kabla, baada ya wataalamu kuona kwamba mlima unasogea, na kwa hiyo idadi kubwa ya watu iliokolewa, ingawa mtu mmoja alipoteza maisha. Nyumba, kanisa na makumbusho ya vizazi vilizikwa kwa muda mfupi. Joto linapoongezeka, barafu inayoyashikilia mawe ya vilele vya juu hulegea, na jambo hilo hufuatiliwa kwa makini Alpi nzima. Ni vigumu kuwaona watu wa Mürren na Gimmelwald wakikata nyasi zao bila kuwakumbuka wale wa upande wa pili wa mlima.

Wanakijiji huishi kwa kazi gani?

Utalii ndio mwajiri mkuu wa Mürren. Hata hivyo, uzuri ambao mtalii huusafiria ni kazi ya mfugaji. Ile miteremko ya kijani iliyonyolewa vizuri haikujiotea. Isipolishwa na kukatwa, baada ya miaka michache huvamiwa na vichaka na hatimaye msitu. Kwa maana hiyo mandhari ya Alpi ni shamba, na lina wenyewe.

Mwaka wa mfugaji huzunguka hivi. Majira ya baridi ng'ombe hukaa zizini wakila majani makavu. Mwezi Juni, theluji ikishayeyuka juu, hupandishwa hatua kwa hatua kwenye malisho ya mlimani, wakiwa na kengele kubwa shingoni ili wasipotee ukungu unaposhuka. Wakati huohuo wale waliobaki kijijini hukata nyasi za kuhifadhi. Mahali ambapo mteremko hauruhusu mashine, kazi hiyo hufanywa kwa mundu mrefu wa mpini, familia nzima ikishiriki, watoto na wazee, kwa sababu siku za jua ni chache na mvua moja inaweza kuyaozesha majani ya wiki nzima. Mwezi Septemba mifugo hurudi chini, na katika vijiji vingi ng'ombe waliotoa maziwa mengi huvikwa mashada ya maua kichwani. Mwaka 2023 UNESCO iliuweka msimu huu wa malisho ya juu nchini Uswisi katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Maziwa ya mlimani hayashushwi kila siku, kwa kuwa njia ni ndefu; hugeuzwa jibini hukohuko. Jibini la mlimani la Bern hupikwa katika sufuria kubwa ya shaba juu ya moto wa kuni, kutokana na maziwa yaliyokamuliwa wakati ng'ombe wako kwenye malisho ya juu. Lile linaloachwa likomae kwa miezi 18 au zaidi huwa gumu kiasi cha kukwanguliwa vipande vyembamba kama karatasi, nalo huitwa Hobelkäse. Mahali pengi ng'ombe wa familia mbalimbali hulishwa pamoja, na mwisho wa msimu jibini hugawanywa kulingana na maziwa ya kila mwenye ng'ombe. Mgawanyo mashuhuri kuliko yote hufanyika kila Septemba katika bonde la Justistal, karibu na ziwa Thun, na anayejaliwa kuwapo siku hiyo ataona ushirika wa kweli ukifanya kazi bila makelele.

Kwa nini Mürren hutajwa sana katika historia ya michezo ya theluji?

Kwa sababu ya Waingereza. Walianza kuja kwa wingi katika karne ya 19 wakati wa kiangazi, na mnamo 1910 Henry Lunn, mfanyabiashara wa safari, alifanikisha reli ya kijiji kufanya kazi wakati wa baridi pia. Mwanawe, Arnold Lunn, ndiye aliyeugeuza mchezo wenyewe wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Mwaka 1922 aliandaa hapa mashindano ya slalom ambamo mshindi alipatikana kwa muda wa kupita kati ya bendera zilizosimikwa mteremkoni, badala ya waamuzi kupima madaha ya mchezaji, na mwaka 1924 akaanzisha klabu ya Kandahar. Mwaka 1928 yalizaliwa mashindano ya Inferno, yanayoanzia karibu na kilele cha Schilthorn na, theluji ikiruhusu, kuishia Lauterbrunnen baada ya takriban kilomita 15. Bado hufanyika kila Januari, na huvuta washiriki wapatao 1,850, wengi wao wakiwa watu wa kawaida.

Mwaka 1931 Mürren iliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteleza mteremkoni, na wanawake walishindana tangu siku hiyo ya mwanzo: Esmé MacKinnon wa Uingereza alishinda mbio zote mbili, za kushuka moja kwa moja na za slalom. Tukio hilo halitajwi kama linavyostahili. Kinachotajwa zaidi ni mkahawa unaozunguka juu ya Schilthorn, uitwao Piz Gloria kutokana na filamu ya James Bond ya mwaka 1969 iliyopigwa humo.

Historia ya Waingereza hapa ina upande mwingine. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Uingereza waliojeruhiwa na kutekwa na Wajerumani waliletwa Mürren kwa makubaliano ya kibinadamu, na hoteli zilizokosa watalii kwa ajili ya vita zikawapokea.

Gimmelwald ni tofauti na Mürren?

Ndiyo, sana. Gimmelwald iko chini kidogo, kwenye kimo cha mita 1,363, ina watu wapatao 130, na huko ukulima ungali mbele ya utalii. Kutoka Mürren ni mteremko wa karibu nusu saa au zaidi kidogo kwa miguu, kwenye njia nzuri, na asiyetaka kupanda tena hurudi kwa kebo. Kuna kiduka kisicho na muuzaji, ambapo mnunuzi huchukua kitu, husoma bei na huacha pesa mwenyewe. Iheshimuni desturi hiyo.

Maporomoko ya maji ya bondeni yana nini cha pekee?

Husemwa kwamba bonde la Lauterbrunnen lina maporomoko 72. Mashuhuri zaidi ni Staubbach, yenye urefu wa karibu mita 300, ambayo huanguka kutoka ukingo wa genge hadi kando ya kijiji. Maji yake si mengi, kwa hiyo kabla ya kufika chini upepo huyatawanya yakawa vumbi la maji, na ndiyo maana ya jina lake: kijito cha vumbi. Mshairi Goethe aliyatazama mwaka 1779 na kuandika shairi linaloifananisha roho ya binadamu na maji.

Trümmelbach ni kinyume chake. Hayo yamo ndani ya mlima, maporomoko kumi yaliyoichimba njia yake katika mwamba, yakibeba maji ya barafu za Eiger, Mönch na Jungfrau, ambayo yanaweza kufikia lita 20,000 kwa sekunde. Mgeni huingia kwa lifti iliyomo ndani ya mwamba, kisha hutembea kwa ngazi zenye unyevu huku mlima ukitetemeka. Vaa viatu visivyoteleza na koti. Hufungwa wakati wa baridi.

Ni wakati gani mzuri wa kwenda?

Kwa kutembea kwa miguu na kuona maua, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba. Kwa theluji, kati ya mwishoni mwa Desemba na Machi. Kinachowasikitisha wageni wengi ni miezi ya katikati, hasa Aprili, Mei na Novemba, ambapo hoteli nyingi hufungwa na baadhi ya kebo husimama kwa matengenezo. Ratiba ya kebo iangaliwe kabla ya kulipia chumba.

Chakula kikoje, na Mwislamu ale nini?

Chakula cha asili ni maziwa, jibini, viazi, mkate na nyama iliyokaushwa. Swali la pili linahitaji jibu la wazi, kwa sababu orodha za vyakula hazielezi kila kitu. Fondue, jibini la kuyeyushwa linaloliwa kwa kuchovya mkate, hupikwa kwa divai nyeupe, na mara nyingi huongezwa pombe kali ya cheri. Raclette, ambayo ni jibini lililoyeyushwa kwa moto na kumiminwa juu ya viazi vya kuchemsha, kwa kawaida haina divai ndani yake. Rösti ni viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, lakini mara nyingi huchanganywa na nyama ya nguruwe iitwayo Speck, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Jibini nyingi za asili hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, jambo ambalo kila mtu ataliamua kwa elimu yake ya dini. Anayependa kujipikia atapata dukani Mürren mahitaji ya kawaida. Maji ya chemchemi za kijijini hunyweka, isipokuwa penye kibao kilichoandikwa Kein Trinkwasser, yaani si maji ya kunywa.

Njia zipi za miguu zinafaa kwa asiye mzoefu?

Panda treni ya kamba ya Allmendhubel, iliyofunguliwa mwaka 1912, hadi kimo cha mita 1,907, kisha tembea kuelekea Grütschalp au Winteregg. Njia hushuka kwa upole, na milima hukaa mbele yako. Mwenye nguvu zaidi anaweza kwenda hadi kibanda cha Rotstock, kwenye mita 2,039. Kuvuka mlima kwa kipito cha Sefinenfurgge, kwenye mita 2,612, kuelekea Griesalp ni safari ya siku nzima kwa mtu mwenye viatu imara na mazoezi ya kutosha. Mabango ya njano yanaonyesha muda wa mwendo badala ya umbali, na muda huo hauhesabu mapumziko. Njia zenye alama nyeupe na nyekundu ni za mlimani, nazo hudai umakini zaidi.

Kuna hatari gani?

Wakati wa baridi hatari kubwa ni maporomoko ya theluji. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa kila siku kwa ngazi tano, na mgeni asitoke nje ya njia zilizowekewa alama. Upo pia upepo wa joto wa kusini uitwao Föhn, ambao huweza kusimamisha kebo. Wakati wa kiangazi, ukungu na radi huja ghafla mchana, kwa hiyo anza safari asubuhi. Ng'ombe mwenye ndama apishwe kwa mbali, hata akionekana mpole.

Bonde hili pia huvuta watu wanaoruka kutoka magengeni kwa miavuli, na kila mwaka baadhi yao hufa. Usimame mbali na sehemu wanazotua, na usimpige picha aliyeanguka. Namba ya dharura ni 112, ya gari la wagonjwa ni 144, na ya helikopta za uokoaji za Rega ni 1414.

Raia wa Afrika Mashariki anahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, pamoja na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Sarafu ni faranga ya Uswisi.

Je, inatosha kwenda na kurudi siku moja?

Wengi hufanya hivyo, na matokeo yake yanaonekana bondeni. Lauterbrunnen hufurika wageni kiasi kwamba mwaka 2024 ilijadiliwa hadharani kuwatoza ada wanaoingia kwa gari kwa siku moja. Wenyeji hulalamika kuhusu foleni, taka na watu wanaokanyaga nyasi za kukata ili wapige picha, na malalamiko hayo ni ya haki, kwa sababu nyasi zilizolazwa hazikatiki vizuri na ndizo chakula cha ng'ombe wakati wa baridi.

Mwenye uwezo na alale angalau usiku mmoja juu, hata kama ni kwenye kitanda cha bweni. Makundi ya mchana yakishashuka, kijiji hubaki na watu wake, na kinachosikika ni kengele za ng'ombe na maji yanayoanguka ng'ambo. Jua likizama, vilele vitatu hubadilika kutoka nyeupe kuwa rangi ya waridi kwa dakika chache, huku bonde likiwa tayari gizani.